Ukumbi wa Mpira wa Maweni, Malindi: Shilingi Hamsini kwa Mechi ya Wanaume, Hamsini kwa ya Wanawake

Mlangoni mwa ukumbi huu wa kutazamia mpira, ulioko Maweni hapa Malindi, umetundikwa ubao mweusi ambao mwenye ukumbi huuandika kwa chaki kila asubuhi, na ni ubao huo ulionifanya nisimame nilipokuwa nikitoka sokoni na kapu langu wiki ya mwisho ya Julai 2025. Palikuwa pameandikwa fainali mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, WAFCON, baina ya Moroko na Nigeria, Jumamosi tarehe 26, kiingilio shilingi 50. Ya pili ilikuwa ya Euro ya wanawake, Uingereza na Uhispania, Jumapili tarehe 27, kiingilio shilingi 50. Hamsini ndicho kiingilio ambacho ukumbi huu hutoza mechi za wanaume za ligi ya Uingereza. Nimefuatilia kandanda tangu nikiwa msichana wa shule, na katika mji huu sikuwa nimewahi kuona mechi ya wanawake ikiuzwa kwa bei ileile.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba nausifu ukumbi kwa kunitoza fedha, hivyo yanipasa nieleze yaliyonipata kwingine. Tarehe 20 Agosti 2023, saa saba mchana kwa saa zetu, Uhispania na Uingereza zilikutana Sydney katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, na mimi nilikwenda kuitazama katika ukumbi mwingine wa mji huu ambao sitautaja. Kiingilio hakikuwapo, tuliambiwa tuingie tu. Tuliliona bao la Olga Carmona la dakika ya 29, kisha wakati wa mapumziko kijana wa pale akabadilisha chaneli na kuweka marudio ya mechi ya wanaume ya siku iliyotangulia. Tulipolalamika alitujibu kwamba hatukulipa, kwa hiyo hatuna la kudai. Sikumwona Mary Earps akidaka penalti ya Jennifer Hermoso, wala sikuwaona Wahispania wakipewa kombe mbele ya watazamaji 75,784. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, lakini jibu la yule kijana sikuweza kulipuuza, maana lilikuwa na ukweli ndani yake: kitu kisichokatiwa tiketi hakina mtetezi kinapozimwa.

Ukumbi wa Maweni wenyewe si wa kifahari. Ni jengo la mawe la chumba kimoja kirefu, paa la mabati, projekta moja inayomulika ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, na runinga mbili ndogo ubavuni kwa wale wanaokaa nyuma ya nguzo. Picha ni safi, ila mchana wa jua kali hufifia kwa sababu dirisha la upande wa magharibi limezibwa kwa gunia tu. Viti vya mbele ni vya plastiki na vya nyuma ni mabenchi yasiyo na egemeo, ambayo mtu mwenye maumivu ya mgongo hawezi kuyavumilia kwa dakika 90, sembuse mechi inayofika muda wa nyongeza. Pangaboi ziko nne na zote zinafanya kazi. Nje, chini ya mwarobaini, kuna mama anayeuza viazi karai kwa ukwaju, bajia na chai ya tangawizi, naye hubakia mpaka mechi iishe hata kama ni usiku wa manane. Kwa watu wa Pwani hilo si jambo dogo.

Jambo lililonipendeza zaidi ni mpango wa kukaa. Safu tatu za mbele upande wa kushoto huwekwa kwa ajili ya wanawake na watoto mpaka mechi ianze, na mlinzi wa mlangoni huzilinda bila kelele. Wanawake wa mji huu wanaopenda mpira ni wengi kuliko inavyodhaniwa, lakini hutazama nyumbani, kwa sababu kumbi nyingi zimejaa moshi wa sigara na maneno ambayo mama hawezi kuyasikia akiwa na binti yake. Hapa sigara ni marufuku, na tangazo la marufuku hiyo limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko hata bei. Usiku ule wa Jumamosi niliketi baina ya msichana wa kidato cha tatu aliyevaa fulana ya Nigeria juu ya dera lake na bibi mmoja mtu mzima aliyeniambia kwamba amekuja kwa sababu mjukuu wake ameacha kucheza mpira, naye anataka kujua kama msichana aweza kuishi kwa mpira.

Mechi hiyo ndiyo iliyomjibu nusu ya swali lake. Kwa saa za kwetu ilichezwa usiku mwingi, na Wamoroko, wakiwa nyumbani Rabat, walifunga mabao mawili kabla ya mapumziko kupitia Ghizlane Chebbak na Sanaâ Mssoudy. Ukumbi ulipoa, wachache wakaanza kutafuta viatu vyao. Kisha Esther Okoronkwo wa Nigeria akafunga penalti, Folashade Ijamilusi akasawazisha, na dakika mbili kabla ya tisini Jennifer Echegini akafunga la tatu. Nimekaa katika kumbi za mpira kwa miaka mingi, na kelele za dakika ile hazikuwa na tofauti yoyote na zile nilizozisikia katika fainali za wanaume. Nigeria ilitwaa kombe hilo kwa mara ya kumi.

Nusu ya pili ya swali la bibi yule ilijibiwa na hesabu, na hesabu hiyo haipendezi. Bingwa wa WAFCON mwaka huo alipewa dola milioni 1, mara mbili ya dola 500,000 zilizotolewa mwaka 2022, na hilo ni ongezeko la kweli ambalo wachezaji walilipigania. Lakini bingwa wa AFCON ya wanaume iliyofanyika Côte d'Ivoire mapema mwaka 2024 alipewa dola milioni 7. Wiki moja tu baada ya fainali ya Rabat, nchi yetu pamoja na Tanzania na Uganda zilianza kuandaa CHAN, mashindano ya wanaume wanaocheza katika ligi za nyumbani, ambayo nyota wa Ulaya hawaruhusiwi kushiriki. Bingwa wake aliwekewa dola milioni 3.5. Mwanamke aliye bora kuliko wote barani, awe anacheza London, Orlando au Lagos, akitwaa taji kubwa kuliko yote ya Afrika, timu yake mwaka huo ilipata chini ya theluthi moja ya ilichopata timu ya wanaume waliobaki nyumbani. Nilimwonyesha mwenye ukumbi hesabu hiyo kwenye karatasi. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi nilidhani tofauti ni ndogo."

Yeye mwenyewe aweza asijue, lakini anakaa mwanzoni mwa njia ambayo fedha hizo hupitia. Watazamaji hulipa kiingilio. Kwa viingilio hivyo mwenye ukumbi hulipia king'amuzi. Kampuni yenye king'amuzi hununua haki za matangazo kwa kukadiria ni watu wangapi watatazama. Na shirikisho linalouza haki hizo hugawa zawadi. Mei 2023 rais wa FIFA, Gianni Infantino, alilalamika hadharani kwamba vituo vya nchi kubwa za Ulaya vilikuwa vikitaka kulipa dola milioni 1 hadi milioni 10 kwa Kombe la Dunia la wanawake, ilhali la wanaume vililipa milioni 100 hadi 200. Fedha za zawadi za kombe hilo la wanawake zilikuwa zimepanda kutoka dola milioni 15 mwaka 2015 hadi milioni 30 mwaka 2019, kisha milioni 110 mwaka 2023, na hata hivyo zilibaki robo tu ya milioni 440 za wanaume kule Qatar. Kwa hiyo mtu anayeniambia kwamba hamsini zangu ni kitu kidogo simkubalii. Ni kidogo zikiwa peke yake, lakini hazipo peke yake.

Hata hivyo sipendi hoja ya soko ichukuliwe kama ndiyo yote, kwa maana imetumika mno kuwanyamazisha wanawake. Tarehe 26 Desemba 1920 timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies ilicheza katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watu 53,000. Soko lilikuwapo. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, chama cha soka cha Uingereza kikawapiga wanawake marufuku kutumia viwanja vya wanachama wake, na marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Mtu akimfungia mwenzake duka kwa nusu karne, hana haki ya kumuuliza kwa nini wateja wake ni wachache. Na pale mlango ulipofunguliwa wateja walirudi: Machi 2022 watu 91,553 waliingia Camp Nou kutazama wanawake wa Barcelona wakicheza na Real Madrid.

Sisi Wakenya tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa sababu katika mchezo tunaoujua kuliko wote usawa huo upo na hakuna anayeushangaa. Katika mbio za ubingwa wa dunia, medali ya dhahabu humletea mwanamke dola 70,000 na mwanamume dola 70,000. Septemba 2025, kule Tokyo, Kenya ilipata dhahabu saba, na sita kati ya hizo zililetwa na wanawake: Lilian Odira katika mita 800, Faith Kipyegon katika 1,500, Beatrice Chebet katika 5,000 na 10,000, Faith Cherotich katika kuruka viunzi na maji, na Peres Jepchirchir katika marathoni. Sijamsikia mtu yeyote barazani akisema kwamba Kipyegon angestahili nusu ya alicholipwa. Tenisi nayo ilifika huko zamani, US Open ikianza mwaka 1973 baada ya bingwa wa Marekani, Billie Jean King, kushikilia dai lake, na Wimbledon ikifuata mwaka 2007. Soka ndiyo inayokokota miguu, hata baada ya wachezaji wa Marekani kupelekana na shirikisho lao mahakamani na kumaliza kesi mwaka 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 24.

Nirudi ukumbini. Jumapili ya Euro nilifika mapema, mechi ikianza saa moja jioni, na ukumbi ulijaa zaidi kuliko Jumamosi kwa sababu saa ilikuwa nzuri kwa wenye watoto. Mariona Caldentey aliipa Uhispania bao, Alessia Russo akasawazisha, na mechi ikaingia muda wa nyongeza. Hapo stima ikapotea. Jenereta ilichukua kama dakika nne kuwaka, na katika dakika hizo nne mwenye ukumbi alisimama mbele na kutuahidi kwamba stima isiporudi kabla ya penalti atarudisha kila mtu hamsini yake. Ahadi hiyo ilinigusa kuliko projekta na pangaboi zote. Mwaka 2023 niliambiwa sina la kudai. Safari hii nilikuwa mteja, na mechi ya wanawake ilikuwa bidhaa ambayo muuzaji anaiwajibikia. Picha ilirudi, Hannah Hampton akadaka penalti mbili, Chloe Kelly akapiga ya mwisho, Uingereza ikashinda mikwaju kwa 3-1.

Kasoro zipo, na nyingine ni nzito. Choo ni kimoja kwa watu wote, kipo nyuma ya jengo mahali pasipo taa, na komeo lake la ndani limevunjika. Ukumbi unaowaalika wanawake usiku hauwezi kuliacha jambo hilo lilivyo. Usafiri wa kurudi nyumbani Jumamosi ulipangwa kwa wema, tuktuk tatu zikiwa zimeitwa kutungoja, lakini hazikutosha, na baadhi ya wasichana walisubiri karibu nusu saa hadi zirudi. Ubao wenyewe pia hutazama mbali mno. Wasichana wa kaunti hii wamekuwa wakicheza kandanda kwa mpango tangu mwaka 2001, shirika la soka ya wasichana la Moving the Goalposts lilipoanza kule Kilifi, na mechi zao huchezwa viwanjani mwetu jioni tukiwa tumekaa barazani. Hazioneshwi kwenye king'amuzi chochote, lakini chaki haihitaji king'amuzi; ningependa siku moja nione ubao ukisema kwamba leo saa kumi wasichana wanacheza, nendeni uwanjani. Oktoba 2025, Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipoitoa Gambia kwa jumla ya mabao 4-1 na kurudi WAFCON kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2016, mwenye ukumbi aliyaandika matokeo hayo juu kabisa ya ubao na kuyaacha wiki nzima, kwa hiyo najua kwamba nia anayo.

Kasoro kubwa niligundua mwishoni, na nimepima sana kama niiandike. Sauti ya matangazo katika ukumbi huu huwa ya Kiingereza, na wengi wetu hatuifuati kwa raha, basi mwenye ukumbi huajiri msimulizi anayekaa pembeni na kipaza sauti na kuisimulia mechi kwa Kiswahili. Mechi za wanaume husimuliwa na kijana mmoja hodari. Fainali zile mbili zilisimuliwa na binti aliyemaliza shule juzi, na nasema bila kusita kwamba yeye ndiye bora kati ya wawili hao. Anajua majina na kuyatamka sawasawa, anajua nani anacheza klabu gani, na Kiswahili chake ni cha hapahapa. Echegini alipofunga, binti huyu hakupiga ukelele kama wasimulizi wengi, bali alinyamaza kidogo akatuachia ukumbi, kisha akasema kwa utulivu, "Maji yamejaa, na sasa hayarudi." Nilipompongeza siku nyingine nikamuuliza analipwa vipi, aliniambia kwa haya kwamba yeye hupewa shilingi 250 kwa mechi na kijana hupewa 400.

Nilimwendea mwenye ukumbi. Hakukana, wala hakunikasirikia. Alisema kwamba mechi za wanaume hujaza ukumbi na za wanawake hujaza nusu, ndipo malipo yakatofautiana. Nilimkumbusha Jumapili ya Euro, ukumbi ukiwa umejaa mpaka mlangoni, na dakika 120 pamoja na penalti ambazo binti yule alizisimulia bila kunywa maji, tena nyingine bila kipaza sauti stima ilipopotea. Nilimwambia pia kwamba nilipokuwa msichana nilichezea timu iliyokuwa na kikosi cha wavulana na cha wasichana, na tuliposafiri wavulana walipewa viatu na nauli, sisi tukapewa mkate na soda, kwa maelezo hayohayo kwamba watu huja kuwatazama wao. Wenzangu wengi waliacha mpira mwaka ule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atalifikiria, akaniagizia chai.

Kwa anayetaka kwenda, ukumbi hufunguliwa saa tisa alasiri siku za mechi, na watoto walio chini ya miaka kumi hawalipi. Kaa safu ya pili kushoto, mbali na nguzo, na wakati wa kusi chukua mtandio mzito, kwa kuwa upepo hupenya chini ya mabati. Picha na sauti naziweka juu, mapokezi juu zaidi, choo chini kabisa. Mimi nitarudi Starlets watakapocheza WAFCON, na kabla ya kutoa hamsini yangu mlangoni nitamuuliza binti wa kipaza sauti kama bado ni 250.